Ilani ya Muziki wa Giza wa Mgunda Mkali

Tunachotangaza

Kuanzia leo, sisi wapenda sauti wa Itigi, mkoani Singida, tunaanzisha harakati ya muziki wa giza. Ni muziki usio na biti ya kuchezea wala kiitikio cha kuimba pamoja. Ni mvumo mzito, mwangwi, chuma kinacholia, pumzi na sauti za usiku, vikipangwa polepole kwa nusu saa au zaidi, mpaka msikilizaji ajione ameingia mahali na ahisi kwamba hayuko peke yake humo. Duniani unaitwa ambienti ya giza, na wengi wanaoutunga huchota hali yake kwenye hadithi za kigothiki za Ulaya: ngome zilizobomoka, makanisa matupu, maiti wasiotulia makaburini.

Tunaupenda muziki huo na tunawaheshimu walioutunga. Lakini hatutaazima makaburi ya watu wengine. Nchi yetu ina giza lake, ina wafu wake, na ina hofu ambazo hazijapata kusikilizwa kwa utulivu hata mara moja. Kazi yetu ni kuzisikiliza, na ilani hii inaeleza kwa nini na kwa namna gani.

Nchi tunayosimama juu yake

Kabla reli haijafika, nchi iliyo kati ya Ugogo na Unyamwezi iliitwa Mgunda Mkali, na Itigi imo ndani yake. Misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora ilipomaliza Ugogo ilinunua chakula, ikajaza vibuyu maji, kisha ikaingia pori hili kwa mwendo wa haraka, maana visima vilikuwa vichache na vijiji vilikuwa mbalimbali. Wapelelezi wa Kizungu Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita mwaka 1871, na vitabu vyao vikasomwa Ulaya kama visa vya ushujaa. Lakini walioibeba mizigo ile kichwani na mabegani, wengi wao Wanyamwezi, hawakuandika kitabu. Hawakuandika pia wale walioswagwa kwa minyororo kuelekea pwani. Aliyeishiwa nguvu njiani aliachwa papo hapo, msafara ukaendelea. Tukisema wafu wasiotulia, tunawasema hao.

Anayetaka kisa cha kutisha asiende mbali. Mpelelezi mwingine, Livingstone, alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa gome la mti na kuubeba mpaka Tabora. Mbele ya hapo wenyeji walikataa maiti ya mgeni isipite katika nchi yao. Wapagazi wakatengeneza maiti ya bandia, wakajifanya wanairudisha Tabora ikazikwe, na mwili wenyewe wakaufungasha kama mtumba wa vitambaa. Ukafika Bagamoyo Februari 1874. Miezi tisa wanaume na wanawake walitembea na maiti katika bara hili, na siku za mwisho walitembea nayo wakisema ni nguo. Hakuna ngome ya Ulaya iliyo na hadithi inayoipita hiyo.

Kisha tuna vichaka. Wataalamu wa mimea duniani wanavijua kwa jina la mji wetu: vichaka vya Itigi. Ni miti mifupi, mingi yenye urefu wa mita tatu hadi tano, iliyosukana hata nyasi hazioti chini yake, na mfano wake wa karibu uko mbali sana, upande wa mpaka wa Zambia na Kongo. Mvua huanza karibu na Desemba na kukoma Aprili. Baada ya hapo majani hupukutika na udongo wa juu hukauka ukawa mgumu kama saruji. Mtu aliye ndani ya kichaka saa sita mchana haoni hatua kumi mbele yake, lakini anasikia mbali: tawi linalogongana na tawi, jani kavu linalokanyagwa na kitu asichokijua. Humo jicho halina kazi, sikio ndilo linaloongoza. Sehemu kubwa ya vichaka hivyo imekwisha kukatwa kwa mashamba, kuni na mkaa. Sauti yake inapungua kila mwaka, na hakuna anayeitunza.

Na tuna reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Itigi kama mji ni mtoto wa njia hiyo. Hata kata yetu moja inaitwa Tambukareli. Sasa reli ya kisasa inajengwa kati ya Makutupora na Tabora kwa ajili ya treni za umeme. Tunaifurahia. Lakini honi ya injini ya dizeli saa nane za usiku na mabehewa ya mizigo yakigongana stesheni, sauti zilizowalaza na kuwaamsha wazee wetu, hazitabaki kama zilivyo. Asiyezirekodi sasa asije akazililia.

Kwa nini hofu

Tunaulizwa: mnawatishia nini watu wenye shida za kutosha? Hili ndilo jibu letu, na ndilo kiini cha ilani hii.

Hofu isiyosikilizwa hutafuta mtu wa kumbebesha lawama. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya katikati ya nchi yetu, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho mekundu yakafanywa ushahidi, wakati macho hayo yameharibiwa na moshi wa kuni za miaka mingi ya kupikia watoto na wajukuu. Watu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya uongo wa waganga matapeli. Singida yenyewe, miaka ya 1940, ilitikiswa na vifo vilivyodhaniwa kuwa vya simba mpaka watu walipokamatwa na kushtakiwa kwa mauaji. Kila mara mwendo ni uleule. Jambo linatisha, halina maelezo, watu hawawezi kukaa nalo, na kabla hakujapambazuka limeshapewa jina la jirani.

Muziki wa giza unafundisha kukaa na hofu bila kumnyooshea mtu kidole. Unaingia chumbani, taa zinazimwa, mvumo unaanza, moyo unakwenda mbio. Hakuna anayetajwa. Hakuna adui anayeonyeshwa. Hofu inakuja, inajaa chumba, inakaa, kisha inapita, na wewe uko pale pale pamoja na majirani zako. Aliyewahi kuipitia hofu hivyo anajua kwamba inaweza kupita bila damu ya mtu. Hatudai kwamba muziki utazuia mauaji. Hiyo ni kazi ya sheria, shule, mahakama na ujasiri wa wanakijiji. Tunadai kwamba jamii inayojua kuisikiliza hofu yake si rahisi kuchochewa na mganga tapeli.

Tena hofu ina habari ndani yake. Wakati wa ukoloni, Afrika Mashariki nzima ilivuma habari za mumiani: watu wanaokuja usiku na gari, wanakamata wapita njia na kuwanyonya damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi hizo katika kitabu chake cha mwaka 2000, na akazichukulia kuwa ushahidi wa namna watu walivyouona utawala. Dracula wa Bram Stoker, wa mwaka 1897, ni mtawala wa kale anayeishi ngomeni. Mumiani wetu alivaa sare na kupanda gari la kazi. Waliomwogopa walikuwa wakisema jambo la kweli juu ya serikali iliyowatoza kodi na kuwapeleka kwa nguvu kwenye kazi. Tukiicheka hofu ile, tunatupa historia yetu wenyewe.

Waliotutangulia

Mwaka 1913 Mwitalia Luigi Russolo aliandika ilani yake ya sanaa ya kelele, akidai kwamba mashine zimeleta sauti ambazo ala za zamani haziwezi kuzitoa. Mwaka 1948, jijini Paris, Pierre Schaeffer alirekodi injini za treni katika stesheni ya Batignolles, akazikata na kuzipanga upya, akazirusha redioni. Vitabu vingi huanzia hapo kueleza muziki uliotungwa kwa sauti zilizorekodiwa.

Sisi tunaanzia mapema zaidi, na tunaanzia Afrika. Mwaka 1944 kijana wa Kimisri, Halim El-Dabh, aliazima mashine ya kurekodi kwa waya jijini Cairo, akarekodi sherehe ya zari, yaani uganga wa kutuliza pepo unaofanana sana na ngoma za pepo za pwani yetu. Kisha akaichukua sauti ile studio, akaondoa toni za msingi mpaka sauti za waimbaji zisitambulike, akabakisha mwangwi na mtetemo. Miaka minne kabla ya treni za Paris, muziki wa aina hii ulizaliwa barani mwetu, tena mbele ya pepo. Asituambie mtu kwamba tunaiga Wazungu.

Baadaye Brian Williams wa Wales, anayejulikana kama Lustmord, alitumia rekodi za mapangoni na vyumba vya makaburi ya chini ya ardhi, na albamu yake Heresy ya mwaka 1990 ikawa nguzo ya ambienti ya giza. Kwa jirani zetu wa Nairobi, KMRU, mjukuu wa mwanamuziki na mwanaharakati Joseph Kamaru, alitoa Peel mwaka 2020, na mwaka 2022 akatoa Temporary Stored, iliyotokana na rekodi za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji. Nairobi hiyohiyo ilitoa kundi la Duma, ambalo mayowe na kelele zake zilitolewa mwaka 2020 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Lebo hiyo ndiyo iliyoupeleka duniani muziki wa singeli wa Dar es Salaam. Singeli inakimbia kuliko karibu muziki wowote; sisi tutakwenda taratibu kuliko karibu wote. Lakini ilitufunza jambo kubwa: kijana mwenye kompyuta ya zamani mtaani haombi ruhusa kwa mtu kuwa wa kwanza.

Upande wa hadithi, tunawashukuru waliotangulia kuiheshimu hofu ya nyumbani: Muhammed Said Abdulla na riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale, na Mussa Banzi na filamu zake Nsyuka na Shumileta, ambazo ziliwafanya watoto wa Bongo waogope kwa Kiswahili. Na kwa sauti yenyewe tunamwinamia mwanamuziki Hukwe Zawose wa Ugogo, aliyefariki mwaka 2003. Anayetaka kujua mvumo ni nini asikilize ilimba, kinanda cha mkononi cha Wagogo, ikipigwa kwa subira: noti inakwisha, lakini mlio wake unaendelea kutetemeka chini yake.

Namna tunavyofanya kazi

Vifaa vyetu ni simu, kinasa sauti cha mkononi kwa aliye nacho, maikrofoni ndogo za kubandika kwenye chuma na mbao, kompyuta moja ya kuchangia, na sabufa. Hiyo inatosha. Tunataka kuonyesha kazi mbili ili kila mtu aone kwamba hakuna uchawi wa studio.

Ya kwanza ni mzinga. Itigi ni nchi ya asali, na huko Aghondi nyuki wametengewa hifadhi yao. Mzinga wa gogo ni chumba cha mwangwi kilichochongwa tayari. Mfugaji mwenyewe, akiwa amevaa kinga, anabandika maikrofoni ndogo kwenye ubao wa nje jioni, nyuki wakiwa wametulia, kisha anaondoka. Bawa la nyuki anayeruka hupiga takribani mara 230 kwa sekunde. Ukiipunguza kasi ya rekodi mpaka robo, mlio huo unashuka hadi karibu mitetemo 57, mahali ambapo sabufa inaanza kusukuma hewa na kifua kinaanza kuhisi kabla sikio halijatambua. Kilichokuwa mvumo wa kawaida wa wadudu kinakuwa umati mkubwa unaonong'ona nyuma ya ukuta. Hatukuongeza kitu. Umati ulikuwamo.

Ya pili ni reli. Sauti husafiri hewani takribani mita 340 kwa sekunde, lakini ndani ya chuma cha pua hupita mita 5,000. Kwa hiyo chuma hujua treni inakuja kabla ya hewa kujua. Kwa idhini ya wenye reli, maikrofoni ikibandikwa kwenye chuma kilichounganishwa na njia, kwanza unasikia kimya chenye mkwaruzo mdogo wa joto linaposhuka jioni. Halafu unakuja uzi mwembamba wa sauti, wa juu sana, usio na mwelekeo. Uzi unanenepa. Unaingia mgongano wa magurudumu kwenye maungio, bado mbali. Honi inapolia hewani, chuma kimekuwa kikilia kwa muda mrefu. Ule muda wa kujua kabla ya kuona ndio hali tunayoitafuta katika kila kibao tutakachotunga.

Zipo pia sauti ambazo sikio halizipati kabisa. Tembo wa mapori ya Rungwa, Muhesi na Kizigo, kusini mwetu, huitana kwa ngurumo za chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, zinazosafiri kilomita kadhaa. Kinasa sauti kinachofaa kinazipata. Ukiongeza kasi, zinasikika. Yapo pia mashimo ya jasi ambayo lori limeondoka na upepo umebaki, mashine ya kusaga inayozimwa taratibu, jenereta wakati umeme umekatika, fisi, bundi, na komba anayelia usiku kama mtoto mchanga. Hiyo ndiyo okestra yetu.

Masharti yetu

Anayejiunga nasi anakubali haya:

1. Hatumtaji mchawi. Hakuna jina la kibao, picha ya jalada wala sauti itakayomwelekeza msikilizaji kwa kikongwe, mtu mwenye ualbino, kabila, dini au jirani.

2. Kifo cha watu halisi si pambo. Juni 24, 2002, treni ya abiria ilirudi nyuma kwa kasi na kugongana na treni ya mizigo karibu na Igandu, mkoani Dodoma, wakafa watu zaidi ya 280. Wafiwa wao wako kando ya reli hii hii. Tukitunga kwa ajili ya wafu hao, tutatunga kama maombolezo, kwa kibali cha wafiwa, au tutanyamaza.

3. Haturekodi msiba, tambiko wala maombi bila ruhusa ya wenyewe. Kilichoambiwa ni siri kinabaki siri hata kama kinasa sauti kilikuwa wazi.

4. Hakuna anayekanyaga njia ya reli, kuingia hifadhini au kugusa mzinga wa mtu bila idhini. Hakuna sauti inayolingana na uhai wa mtu.

5. Hatununui hofu ya dukani. Kinanda cha kanisa la Ulaya, kengele za ngome na mlio wa mbwa mwitu wa huko havina nafasi katika vibao vyetu. Sauti zetu zitoke hapa, na maneno yakihitajika yawe ya Kiswahili, Kikimbu, Kinyaturu, Kigogo, Kisukuma au Kitaturu.

6. Kila rekodi itaandikwa mahali ilipochukuliwa, msimu na saa, na jina la aliyetoa ruhusa kama amependa litajwe. Miaka hamsini ijayo kichaka kinaweza kisiwepo. Maandishi hayo yatasema kilikuwa wapi.

7. Nakala ya kila kazi inabaki Itigi. Hugh Tracey alirekodi muziki wa Tanganyika mwaka 1950, na hazina hiyo iko Afrika Kusini. Nyingine ziko Ubelgiji na Ujerumani. Tunawashukuru waliotunza, lakini mtoto wa Itigi asihitaji viza kusikia sauti ya kijiji chake.

8. Tunasikiliza pamoja. Taa zinazimwa, simu zinazimwa, sauti inakuwa nzito bila kuumiza masikio, na watoto wadogo hawaletwi. Ikiisha, taa zinawashwa na watu wanazungumza: nini kilikujia, ulikumbuka nini, nani alikusimulia. Hakuna anayerudi nyumbani peke yake.

9. Wazee, hasa akina bibi, ndio walimu wetu. Wao ndio waliotusimulia usiku, wakijua hasa pa kushusha sauti na pa kunyamaza. Kiti cha mbele ni chao, nao hawalipi kiingilio.

10. Anayekatazwa na imani yake tunamheshimu. Anayetaka kutoka katikati ya onyesho anatoka, na mlango haufungwi.

Wito

Kwa maprodyuza wa Manyoni, Singida, Dodoma na Tabora: zimeni biti kwa usiku mmoja. Rekodini kinachobaki chumbani baada ya biti kuzimwa, mtuletee.

Kwa walimu wa sayansi na muziki: mitetemo, mwangwi na kasi ya sauti vimo katika mitaala yenu. Njooni mfundishe kwa mzinga na chuma cha reli.

Kwa halmashauri yetu: hatuombi fedha. Tunaomba ukumbi jioni moja kila mwezi, na mtusaidie kuvilinda vichaka vilivyobaki, maana jina la Itigi linajulikana duniani kwa vichaka hivyo.

Kwa viongozi wa dini: hatuabudu giza. Tunawaalika mkae nasi onyesho la kwanza mpaka mwisho, kisha mtuhukumu kwa mlichokisikia.

Kwa Watanzania wanaotunga muziki huu peke yao vyumbani, Dar es Salaam, Mwanza, Muscat au Stockholm, wakidhani hakuna mwenzao nyumbani: tupo.

Na kwako mwana Itigi usiyejua lolote juu ya muziki: wewe ndiye tunayekuhitaji zaidi. Tafuta sauti moja uliyoiogopa utotoni. Muulize mama, babu au shangazi ilikuwa sauti ya nini na ilitokea wapi. Nenda mahali hapo na mtu unayemwamini, washa simu yako, rekodi dakika kumi bila kusema neno, kisha utuletee. Harakati hii itajengwa kwa dakika hizo kumi za kila mmoja wetu.